Funza wa Mke Wangu

Mke wangu alipopata ufadhili wa kwenda ng'ambo, mimi niliachiwa funza.

Afadhali nieleze mapema, maana nikianza hivi watu husogeza viti nyuma. Mke wangu anafundisha kilimo katika chuo kikuu kimoja huku pwani. Kuna serikali ya ng'ambo inayotoa pesa za kuwaalika watafiti wa kilimo kutoka nchi kama yetu, wakakae miezi michache katika vyuo vikuu vya huko, kila mmoja na profesa wa kumwongoza. Baadaye profesa naye hufunga safari, akaja kuona kazi yenyewe inakofanyika. Akiridhika, ufadhili unaendelea na kazi inapelekwa kwa wakulima. Asiporidhika, mnapiga picha, mnaagana, basi.

Kazi ya mke wangu ni kulisha kuku kwa funza. Si wale wa chooni, tafadhali. Hawa ni watoto wa nzi mmoja mweusi, mwembamba, asiyeuma wala kutua kwenye chakula cha mtu. Unawalea kwa maganda ya maembe na mapapai yaliyoharibika sokoni, wakinona unawapa kuku, na mfugaji anapumzika na chakula cha dukani ambacho bei yake haishikiki.

Mimi ni fundi cherehani hapo Gede, mtu wa bara niliyekuja pwani kutafuta kazi nikapata na mke. Chandarua cha kufugia nzi nilikishona kwa mkono wangu, na nikisema kimeshonwa, kimeshonwa. Usiku wa kufunga mizigo nilipewa maagizo ya watoto kwa ufupi, na ya funza kwa urefu. Wasilowe. Wasipigwe na jua. Wasipewe mabaki yenye pilipili. Nikamwuliza kama niwaimbie pia.

"Ukiona wamenyong'onyea, waimbie," akasema, wala hakucheka.

Kweli niliwapenda. Asubuhi kabla ya kufungua duka nilikuwa nikiinama juu ya mabeseni, nyuma ya jiko, nikiwasikia wanavyokula: mchakacho mdogo kama manyunyu juu ya makuti. Watoto walishindana nani atawapa papai. Jioni nilimpigia mke wangu simu ya video, na yeye huko kwenye baridi yake, amejifunga skafu mpaka puani, aliniuliza hali ya funza kwanza. Mimi nilikuwa wa tatu, baada ya watoto. Sikulalamika. Yaani, nililalamika kidogo.

Mtu mmoja tu katika familia hakuambiwa, naye ni mama mkwe wangu. Anaishi Kakuyuni, ana shamba la mihindi na mihogo, ana kuku wa kienyeji, na usafi wake hauna mzaha. Akikuta uwanja umefagiliwa, anaufagia tena. Mke wangu alimwambia anasomea chakula cha kuku, akaishia hapo. Mwaka mmoja alijaribu kumdokezea kwamba kuna wadudu wanaofugwa kwa ajili ya kuku, na mama akasukuma sahani mbali, akashinda na njaa siku nzima. Kwa hiyo tulipanga aambiwe siku ya mgeni, maana mbele ya mgeni hangepiga kelele.

Na mimi ningemwambiaje? Mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Nasema, "Shikamoo, mama," anaitika, "Marahaba," kisha kila mmoja anatafuta mahali pengine pa kutazama. Tumeishi hivyo tangu harusi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema, nami miaka yote hiyo nilikuwa naungoja mshindo.

Siku moja kabla ya mke wangu kuwasili na profesa wake, mama mkwe alikuja Gede na binti yake mdogo kutusaidia kupokea wageni. Watoto walikuwa shuleni, mimi nilikuwa dukani namalizia gauni la mke wangu. Niliporudi jioni, uwanja ulikuwa unang'aa. Sufuria zimesuguliwa zikawa vioo. Mabeseni yangu yameoshwa kwa sabuni, yamefudikizwa juu ya kichanja. Na kwenye kamba, katikati ya mashuka, chandarua changu kilikuwa kinapepea, cheupe, kitupu.

Nikamvuta shemeji pembeni.

"Shemeji, vile vitu vilivyokuwa kwenye mabeseni?"

"Mama kasema tusikuulize," akajibu, akainamisha macho.

"Hamniulizi. Mimi ndiye nakuulizeni."

"Kasema pia tusikujibu."

Mama mkwe alikuwa jikoni, mgongo kwangu, anachambua mbaazi. Nina hasira za karibu, kila mteja wangu anajua. Lakini umfokee mama mkwe? Kwa ajili ya funza? Nikaingia ndani nikapiga pasi gauni lililokwisha pigwa pasi.

Kesho yake nilimweleza mke wangu pale pale kwenye uwanja wa ndege wa Malindi, profesa akiwa anahangaika na mizigo. Profesa ni mama mmoja mrefu, mchangamfu, kofia kubwa, Kiswahili chake ni "jambo" na "asante" tu.

"Wote?" mke wangu akauliza.

"Wote. Na nzi."

"Ulimwambia nini mama?"

"Nilimwamkia."

Akanishika mkono, akaubana sana, na nikaona macho yake yamejaa. Miaka ya kazi, maombi yaliyokataliwa mara ngapi sijui, na sasa profesa amevuka bahari kuja kuonyeshwa mabeseni masafi. Niliumia kuliko ninavyoweza kuandika.

Nyumbani, mgeni alipewa mahamri na mbaazi za nazi. Alikula kwa furaha, akaongezwa, akaongezwa tena. Simu ya mama mkwe ilikuwa inalia kila mara naye anaikata. Hatimaye profesa akajifuta vidole, akasema kitu kwa Kiingereza, akasimama.

"Anataka kuona nini huyu?" mama mkwe akamwuliza binti yake.

Mke wangu akavuta pumzi. "Funza, mama. Wale waliokuwa nyuma ya jiko. Ndio masomo yangu. Ndio chakula cha kuku."

Simu ikalia tena. Safari hii mama mkwe hakuikata, aliiacha ilie mpaka ikanyamaza.

"Hao wanaonipigia," akasema polepole, "wanataka hao hao funza."

Ndipo maneno yakatoka. Aliwatia kwenye ndoo, akafunika kwa leso, akapanda bodaboda mpaka Kakuyuni ili akawazike shambani kwake, mbali na macho ya watu wa Gede. Alipoiweka ndoo chini atafute jembe, kuku wakaiangusha. Wakala, anasema, kama walioalikwa arusi. Majirani wakaja kutazama, kila mmoja akaomba akajaribie kwake, naye akawagawia kwa vikopo. Kilichobaki alikificha ghalani, ndani ya chungu, akarudi Gede kabla sijafunga duka.

Mke wangu alitafsiri huku sauti ikimpanda. Profesa akakaa chini, akasimama, akashika kofia yake kwa mikono miwili. Akauliza: wanawake wenyewe waliomba? Hakuna aliyewafundisha? Akaniambia nitafute gari upesi.

Tulikuta Kakuyuni nzima imekusanyika kwa mama mkwe. Wanawake walikuja na vikopo vyao vitupu, wanaulizana bei, wanabishana jogoo wa nani alikula zaidi. Profesa akapiga magoti penye chungu, akachota funza kwa kiganja, na mama mkwe wangu, yule yule aliyesukuma sahani, akamkemea awarudishe asije akawachosha. Mke wangu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Sijamwona na furaha kiasi kile tangu kuzaliwa kwa kifungua mimba wetu.

Kisha profesa akauliza swali moja: kwa nini mama hakuwatupa tu pale pale Gede?

Mama mkwe alipanga leso yake kwanza.

"Mwanamume kaachwa peke yake na watoto na cherehani," akasema. "Nyumba ikaingia funza. Kesho mgeni anakuja, na majirani wanachungulia. Mimi ningekaa niwaache wamcheke huyu mwanangu wa kiume?"

Mke wangu alianza kutafsiri, akakwama, akanigeukia. Mama mkwe naye akanigeukia, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Vyandarua vya hapa utashona wewe," akasema. "Na kile chako nimekifua, kina mshono mmoja umelegea."

"Sawa, mama," nikasema, nikatoa utepe wa kupimia mfukoni.