Siku Mthamini Alipokaribishwa Kibandani

Mama yangu hajapata kusifu kitu chake mbele ya mgeni. Ukimwambia kanga yake nzuri, atakujibu imechuja. Ukimsifia pilau, atasema mchele ulikuwa mbovu. Kwao Mwera, kule Pangani, ndivyo walivyolelewa: cha kwako ukishushe mwenyewe, jicho la mtu lisije likakidhuru. Nilishamzoea. Sikujua tu kwamba iko siku tabia hiyo itaniharibia mambo benki.

Nyumba yangu iko mbele kidogo ya Raskazone. Niliijenga kwa mkopo, na kila mwezi nakatwa kwenye mshahara wangu wa ualimu. Nilikosea jambo moja, choo nilikiweka uani, na kukifikia lazima ushuke ngazi tatu. Mwaka jana mama aliteleza pale akavunjika mkono. Tangu siku hiyo akawa hanywi maji baada ya magharibi, ili usiku asilazimike kutoka. Hilo liliniuma sana. Nikaenda benki kuomba waniongezee mkopo juu ya ule ule, nimjengee chumba chenye choo ndani.

Ofisa wa mikopo akasema haina shida, ila nyongeza itategemea thamani ya nyumba kwa sasa. Atakuja mthamini kuikagua. Ikiwa imepanda, napata, haikupanda, nisahau.

Mthamini akaja siku moja kabla ya tuliyoagana, nami niko darasani. Mama akampokea. Mtu wa bara, mpole, daftari mkononi. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibu kibandani. Akamtembeza nyumba nzima. Sebuleni akamwambia, "Ndo hivyo, tumejibanza." Juu ya bati akasema lina vitundu vitundu, Mungu anasaidia. Uongo mtupu, bati lile halijawahi kupitisha tone. Jikoni akasema ukuta umeingia chumvi, siku moja utatuangukia. Mwisho akamkaribisha chai na vitumbua, navyo akavisema havikuiva.

Baada ya wiki mbili benki wakanipa majibu. Nyumba imeshuka thamani, nyongeza hakuna. Kwenye taarifa imeandikwa, kwa Kiswahili cha ofisini kabisa, kwamba mkaazi amethibitisha jengo ni kibanda na paa linavuja.

"Mama, ulimwambia bati linavuja?"

"Sasa nimwambieje? Simjui, hanijui, nianze kujitapa?"

"Ndiyo, ujitape. Kaja kwa ajili hiyo."

"Mie siwezi," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Nilimfokea, Mungu anisamehe. Kisha nikaenda kuwabembeleza benki hadi wakakubali mthamini arudi, gharama juu yangu. Siku hiyo niliomba ruhusa shuleni. Mama nikamwekea kiti uani, nikamsihi asifungue mdomo. Mthamini akapiga hodi. Nikajiweka sawa, nikafungua mlango, nikasema kwa sauti ya ualimu, "Karibu kaka, karibu kibandani kwetu."

Wallahi lilitoka lenyewe. Yule bwana akanitazama, akafungua daftari, akaanza kuandika. Nikataka kumweleza kwamba hayo ni maneno tu.

Mama akaingia kutoka uani, anajishikilia ukutani.

"Usiandike, baba," akasema. "Siku ile nilikudanganya. Bati halivuji, mvua ya masika naisikia sauti tu. Ukuta hauna chumvi. Mchanga wake wa mtoni, mwanangu huyu alisimama juani mwenyewe kuupokea, hakutaka wa pwani. Nimezaa watano, nimekaa nyumba nyingi. Nzuri kama hii sijakaa."

Aliyasema yote anatazama sakafu, kwa haya, kama mtu aliyefumaniwa. Halafu akasema mashaallah mara tatu upesi upesi, akarudi kwenye kiti chake.

Mthamini akaomba ngazi, akapanda kuangalia paa mwenyewe. Alishuka na vumbi kichwani, akakata alichoandika, akaandika upya. Mie nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni nafuta machozi kwa ushungi, nikimwambia ni vumbi la dari.

Nyongeza ilipita, na mafundi wameshamwaga msingi wa chumba. Lakini miaka sita mama anakaa kwangu, na kila nilipomuuliza nyumba anaionaje alinijibu neno moja tu, "Inatosha." Muda wote huo nilidhani hakuipenda.