Vinyago vya mkuyu vilivyopasuka ndivyo vilivyobakiza bustani ya mama

Wakuu, salamu kwenu. Naleta kisa cha nyumbani kwetu. Sijaongeza chumvi, na pale nilipoonekana mjinga nimepaacha kama palivyo.

Mama yangu anakaa Mbagala, pembeni ya Mto Kizinga. Analima mchicha, matembele na bamia. Bustani hiyo ndiyo iliyonisomesha, na mpaka leo hajawahi kuniomba hela ya kula.

Ishu ni mto. Kila masika unakula ukingo. Nikiwa mdogo matuta yalikuwa kumi na moja. Mwaka juzi yalibaki manne, na baada ya hapo ni ukuta wa bafu.

Mie naishi Mabibo, na nilikuwa na chumba cha ziada. Nikamwambia ahamie kwangu. Akasema mto ukifika mlangoni atahama. Nikamjibu ukifika mlangoni hautapiga hodi.

Tukagombana. Nilimpandishia sauti mzazi, na hilo bado linaniuma.

Nikajaribu njia yangu. Nilijaza mchanga kwenye salfeti, nikazipanga ukingoni wikiendi mbili, mgongo ukaniuma wiki nzima. Mvua moja tu, salfeti zikapasuka, mchanga ukaenda zake.

Sasa jirani. Ukuta kwa ukuta na mama anakaa mchongaji, tumwite Bakari, Mmakonde wa Newala. Mama ni Mmakua wa Masasi. Ni watani, na wanavyotaniana mgeni anaweza kudhani wanataka kupigana.

Bakari alipata oda ya vinyago tisa vya kupamba bustani ya bosi mmoja. Vichwa vya watu, kila kimoja na shingo ndefu ya kuchimbia chini, shingo imeachwa na gome lake. Bosi alikuwa na haraka, kwa hiyo Bakari akatumia mkuyu mbichi uliokuwa umetoka kukatwa mtaani. Mchongaji yeyote anajua mti mbichi unapasuka. Yeye mwenyewe alijua.

Vikapasuka, kuanzia paji la uso hadi kidevuni. Bosi akavikataa. Bakari akavilaza nyuma ya nyumba na kuvifunika turubai, mtu asione.

Mama akaona. (Mtani haonagi kitu akanyamaza.)

Siku Bakari alipoenda Keko kutafuta msasa, mama akavibeba vyote na kuvisimika kwenye tope la ukingoni, nyuso zinaangalia mto. Bakari aliporudi, mama akamwambia, "Nimeweka Wamakonde wazuie maji. Si mnajisifiaga nguvu?"

Nilikuwepo. Mtani akikuchukulia kitu hukasiriki, ndiyo mila. Ila uso wa Bakari niliuona, na aibu ile haikuwa ya utani. Kazi mbovu aliyoificha, sasa kila anayepita kwenye daraja la mto anaiona.

Akavikagua kimoja kimoja. Kisha akasema, "We bibi, kama umeamua kuniaibisha, niaibishe kwa mpangilio basi. Umevipanga kama meno yako."

Akavua shati, akaving'oa vyote. Akavichimbia upya, chini kabisa, kwa mstari unaopinda kufuata mto, kila kichwa kimeinamia maji kidogo. Kati ya kichwa na kichwa akasuka matawi ya mkuyu yaliyobaki, kama ukuta wa fito kabla haujakandikwa. Siku tatu nzima, hataki msaada.

Ilipendeza, siwezi kusema uongo. Lakini kama kinga ya mto, niliona ni utoto mtupu.

Maneno yakaanza mtaani kwamba ule ni uchawi. Mjumbe akaja kuuliza. Mama akamwonyesha matuta, akampa fungu la mchicha, yakaisha.

Baada ya kama miezi miwili mama akanipigia simu. "Wale watu wameota majani." Nikajua uzee umeanza. Jumapili nikaenda, na kweli, machipukizi yanatoka shingoni, nyuma ya masikio.

Masika yakaja. Vichwa viwili vilikwenda na maji. Saba vilibaki, mizizi imeshashika, na fito zikanasa tope pamoja na chupa za plastiki ambazo mama huziokota kila asubuhi. Maji yalipopungua, tuta la nne lilikuwepo. Mbele yake kulikuwa na udongo mpya wa upana wa hatua mbili, na mama akapanda matembele.

Juzi yule bosi akarudi. Kaona picha za vile vichwa mtandaoni, sasa anavitaka. Bakari akasema si vyake tena, mtani wake kachukua, akamwulize mwenyewe.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Akamjibu, "Baba, hawa walishakataliwa, wakaja huku wakashika ardhi. Leo ukiwang'oa utaondoka na ukingo wote, na wenyewe watakauka kwako."

Alikuwa anamjibu bosi, lakini macho alinikazia mimi.

Kile chumba cha Mabibo nimempangisha mwanafunzi.

Nilichojifunza: ukingo wa mto unataka kitu kinachoishi, salfeti haina mizizi. Na mzazi akikwambia haondoki, muulize kwanza anashikilia nini pale.

Wenye bustani kandokando ya mito humu jijini, nyie mmezuia kwa kutumia nini? Na mliowahi kumpandishia mzazi sauti kwa jambo analolijua kuliko nyie, mie nimeshaanza kukiri. Karibuni.