Hasi Moja

Fanyeni mchezo na wote hospitalini kwetu, lakini Dada Skrini mwacheni. Ndiye fundi wa televisheni za ukumbi wa kusubiri. Mambo ya kubofyabofya hayataki. Anafungua dirisha jeusi kwenye kompyuta yake kuukuu, anaandika mstari mmoja wa amri, video inacheza. Ndani ya mstari huo kuna nambari ya marudio. Sifuri, haijirudii. Hasi moja, inajirudia mpaka umeme ukatike.

Hasi moja aliiwekea video ya sekunde ishirini: mikono yake mwenyewe ikiwaambia viziwi kwa ishara wasisubiri kuitwa, waje dirisha la tatu waonyeshe kadi. Dirisha la tatu ni langu, mimi karani wa kadi.

Akaja msimamizi mpya na matangazo yake ya sabuni. "Hiyo mikono icheze mara moja tu asubuhi. Kwani viziwi wenyewe wangapi?"

"Ng'o!" Dada Skrini akasema. "Na atakayekuja saa nne, aote?"

Msimamizi akaketi abadilishe mwenyewe. Akatafuta pa kubofya, wapi! Akainuka jasho likimtoka. "Nikitoka kikaoni nikute sabuni. La sivyo, kazi huna."

Nikamvuta mwenzangu pembeni. "Dada, mwenye nguvu mpishe."

"Nimempisha mpaka mgongo umegota ukutani."

Msimamizi aliporudi, mikono ilikuwa kwenye skrini zote, na dirishani kwangu alisimama mama mwenye mtoto mgongoni, kadi mkononi, akiionyesha televisheni kwa kidole.

"Nifukuze," Dada Skrini akamwambia. "Ila kwanza mwambie huyu mama arudi akasubiri kuitwa jina."

Msimamizi akageuka, akashika njia ya ofisini.

Mimi nilijua ubishi ule umetoka wapi. Mdogo wake Dada Skrini alikuwa kiziwi. Mwaka juzi alishinda kwenye benchi la mbele na homa. Jina lake likaitwa mara tatu, hakuinuka, kadi yake ikawekwa chini ya nyingine zote. Wiki haikuisha tukamzika.

Aliyeita ni mimi. Dada yake anajua, na hajawahi kunitupia neno.

Basi msimamizi alipokwenda ofisini kuandika barua ya kumfukuza, nilifunga dirisha langu nikamfuata. Nikamwambia aandike mbili. Mpaka leo hajaandika hata moja.