Difu ya Pikapu la Mama Mkwe

Mimi ni fundi wa magari, gereji yangu iko Pongwe, na naomba niseme mapema kwamba sipendi kufundishwa kazi. Mteja akianza na "fundi, mimi naona tatizo ni plagi," namkabidhi spana aendelee mwenyewe. Kuna mteja mmoja tu ambaye sikuweza kumfanyia hivyo, naye ni mama mkwe wangu.

Mama mkwe ana majaruba ya chumvi huko Moa. Maji ya bahari huingizwa humo, jua likayakausha, chumvi ikabaki, ikakokotwa na kulundikwa juu ya matuta. Kutoka pale hupelekwa bandani, kando ya barabara, kwa pikapu lake kuukuu linalovuta magurudumu yote manne. Mwaka ule masika yameshanukia, malundo sita yako nje, difu ya nyuma ya pikapu, ile inayogawia magurudumu nguvu ya injini, ikasagika. Na chumvi ikinyeshewa ndiyo basi, kazi ya kiangazi kizima inarudi kuwa maji. Akampigia simu mke wangu: "Mwambie mumeo anitafutie difu."

Wallahi nilifurahi! Miaka mitatu nimemuoa binti yake, hajawahi kunipa hata tairi la kuziba pancha. Yeye alitaka binti aolewe na karani, mtu wa shati jeupe, si mimi mwenye grisi mpaka masikioni. Nikasema leo ndiyo leo, atajua kwamba binti yake hakupotea.

Sasa, kwetu mkwe habishiwi. Nikifika Moa naamkia "shikamoo mama" macho yakiwa chini, anaitikia "marahaba" akiangalia kwingine, na maneno mengine yote yanapitia kwa mke wangu, hata kama sote watatu tumesimama hatua mbili mbili.

Kwa muuza spea kuukuu pale mjini nilipata difu mbili. Nikahesabu meno, zote zikalingana na difu ya mbele. Moja ilikuwa ya limiti, nyingine ya loki. Difu ya kawaida ina upumbavu wake: gurudumu moja likiteleza kwenye tope, nguvu yote inakimbilia hilo hilo, linazunguka bure, na lile lililo pakavu limetulia tu. Limiti ina sahani ndani zinazobanana zenyewe, ikapeleka nguvu kidogo upande wa pili, dereva hagusi kitu. Ila gurudumu likikosa kabisa pa kushika, nayo inakata tamaa. Loki ina swichi. Ukibonyeza, magurudumu mawili ya nyuma yanafungwa yazunguke sawasawa, tope litake lisitake. Lakini gari lililofungwa hivyo halitaki kukata kona, kwa hiyo lazima ukumbuke kufungua.

Nikazipakia zote mbili, mimi na mke wangu mpaka Moa, nikamweleza yeye kama nilivyoeleza hapa. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie mumeo," akasema, "mimi nataka hiyo inayojibana yenyewe. Hiyo nyingine inataka mtu wa kukumbuka, na watu wanasahau."

"Mama anasema..."

"Nimesikia," nikasema. "Mwambie mama kwenye tope la majaruba limiti haifui dafu. Na atakayeendesha ni mimi, nami sisahau."

Mke wangu akanikata jicho. "Hivyo hivyo nimwambie?"

"Mwambie kwa adabu."

Akamwambia kwa adabu. Mama mkwe akashusha pumzi. "Haya. Fundi ni yeye." Niliijua "haya" ile, haikuwa ya kukubali hata kidogo, lakini nikashika spana upesi kabla hajabadili mawazo.

Kufika adhuhuri difu ya loki ilikuwa imekaa, na swichi yake nimeifunga kwenye dashibodi. Safari tatu za mwanzo, lundo moja kila safari, zilikwenda vizuri mno. Nilikuwa napiga honi bila sababu. Upande wa Pemba wingu lilikuwa limeshajikusanya, jeusi, na mke wangu akaenda kijijini kuazima maturubai.

Safari ya nne nikapakia, nikafunga loki, nikawa natunga moyoni namna nitakavyojisifu kwa mke wangu. Tuta lile lina kona moja tu. Kona ikafika, nikakata usukani, gari likaenda moja kwa moja. Loo! Pua ikazama jarubani, maji ya chumvi yakaruka mpaka kwenye kioo. Nilikuwa nimesahau kufungua.

Nikatukana kwa sauti, astaghfirullah, tusi la gereji kabisa. Kisha nikamwona mama mkwe amesimama juu ya tuta, na alikuwa amesikia. Akatazama kulia, akatazama kushoto, anatafuta wa kumtuma. Hakuna mtu. Na mimi huku nazungusha usukani na kukanyaga mafuta, nyuma gari linachimba tu.

"We baba!" akapaza sauti. "Acha kuzungusha! Nyoosha usukani, urudi ulikotoka! Umeyafunga hayo magurudumu, kona utaikata vipi?"

Nikanyoosha usukani, nikatia rivasi na gia nzito, loki nikaiacha vile vile. Gari likatetemeka, likapanda kinyumenyume, polepole, mpaka likawa lote juu ya tuta. Kusema kweli loki ndiyo iliyonitoa, limiti ingenilaza pale. Lakini loki hiyo hiyo ndiyo iliyonitia, kwa hiyo sikuona haja ya kulizungumza.

Mama mkwe akaja akafungua mlango wa pili. Akaweka kikapu chake katikati ya kiti, adabu isivunjike, akapanda, akatazama mbele.

"Kidude chenyewe ni kipi?"

Nikamwonyesha.

"Hiki changu. Wewe shika usukani."

Basi tukaenda hivyo. Penye tope anabonyeza na bismillah, tukikaribia kona anabonyeza tena na bismillah nyingine. Lundo la nne likafika bandani, tukalifuata la tano. Njiani kicheko kikanishika, nikakibana, nikashindwa.

"Unacheka nini?"

"Hamna, mama."

"Cheka, lakini kanyaga mafuta."

Katika maisha yangu sijapata utingo hodari namna ile.

Tulikuwa tunamalizia kushusha la tano matone yalipoanza, makubwa makubwa. Lundo moja lilibaki, kule mbali, kubwa kuliko yote, na mke wangu hajarudi na maturubai. Nikarudi kwenye usukani, naye akapanda. Tuta lilikuwa limeshaanza kung'aa kwa maji. Mtu mwenye akili angesimama, lakini mimi nilitaka yote sita. Sikutaka isemwe mkwe fundi aliacha lundo kwa sababu ya kupoteza wakati jarubani. Nikawasha, nikatia gia.

Akanyoosha mkono, akazima gari, akachomoa ufunguo.

"Mama, chumvi inakwisha ile!"

"Iishe." Akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga yake. "Jua likirudi nitavuna nyingine. Wewe ukinipindukia humo, mwanangu nikamtafutie wapi mume mwingine kama wewe?"

Mvua ikashuka yote kwa pamoja, ikapiga paa la pikapu kwa kelele. Nikaachia usukani, nikaegemea kiti kwa furaha, na huku lundo la sita likiyeyuka sote wawili tunaliona.