Kaki Iliyokuwa Ndani ya Mshono

Miaka ile ya tisini, ukitaka shati la kazi pale Mpanda ulikwenda kwa Abednego, na ukifika kwa Abednego hupimwi ukiwa umesimama. Wageni walishangaa. Walipanda kwenye baraza lake karibu na soko, wakanyoosha mikono pembeni kama walivyozoea kwa mafundi wengine, wakangoja futi izungushwe kifuani. Yeye aliwatazama tu juu ya miwani yake iliyofungwa uzi upande mmoja, halafu akaamuru, "Lima!"

"Nilime nini, fundi? Hapa si sakafu hii?"

"Lima hivyohivyo. Au unataka shati la kupigia picha?"

Basi mtu mzima na ndevu zake anainama, ananyanyua jembe ambalo halipo, analishusha, ananyanyua tena, huku Abednego akimzunguka na futi kupima mgongo unavyokunjuka na bega linavyopanda. Mvuvi wa Kapalamsenga alikalishwa kwenye benchi akaambiwa apige kasia. Mtu wa Mwese, kule kwenye vilima ambako barabara ni jina tu, alitembezwa baraza zima na furushi la vitambaa kichwani. Wapita njia walicheka mpaka wakashika mbavu.

Waache wacheke, walikuwa hawajui shati. Mshono wa bega usipokaa juu ya mfupa, ukishuka kidogo tu, mkono unagoma kupanda, na mtu akinyanyua shoka shati zima linamfuata hadi kitovu kinaota jua. Shati la kuachia nje liishie pale zipu ya suruali inapoishia, likizidi hapo ni gauni. La kuchomekea lifike mapajani, na nyuma lizidi mbele kwa vidole vinne, kwa sababu anayeinama kwenye tumbaku kutwa nzima, mgongo wake unakula nguo. Abednego alifundishwa hayo na baba yake mdogo huko Inyonga, na kwa kujisifu alikuwa hajambo, hata kanisani alijisifu.

Jirani yake wa baraza alikuwa Gaspar, muuza mitumba. Marobota yaliposhuka kwenye treni ya Tabora, Gaspar alitundika mashati ya Ulaya ambayo mabega yake yalimfika mtu kwenye viwiko. Watu waliyanunua, wakayavaa hivyohivyo, wakatembea nayo mjini wamezama kama watoto waliovaa makoti ya baba zao. Abednego alikasirika kila alipowaona. Kulikuwa na wakati aliwasimamisha njiani, akawashika bega na kuwauliza kama nyumbani kwao hakuna kioo.

Mabula hakununua mitumba. Yeye alikuwa Msukuma wa Majimoto, mtu wa ng'ombe na mpunga, aliyekuja Mpanda kila mwaka baada ya mavuno kumwona kaka yake Luhende, anayeishi Kawajense, na kushona shati moja la kaki ya kijani. Moja tu. Kifua chake kilikuwa kipana hivi kwamba Abednego alimtania kuwa anakula kitambaa cha watu wawili. Mabula naye alimjibu kuwa fundi mwembamba hajui kukata nguo ya mwanaume. Akiambiwa alime, alilima kwa nguvu mpaka mbao za benchi zikatetemeka, na hapo baraza lote lilikuwa lake. Abednego alikuwa na wateja wengi, lakini huyu alimngojea.

Mwaka wa tisini na nne hakuja. Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, Abednego akiwa ameinamia cherehani alisikia nyuma yake salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka, fundi," akaijua sauti kabla ya kugeuka. Alipogeuka alimwona mtu aliyekuwa na sauti ya Mabula. Shati la mwaka juzi lilikuwa limemning'inia, mshono wa bega umeshuka hadi katikati ya mkono.

"Nishonee kama hili," Mabula alisema. "Vipimo si unavyo?"

Hapo Abednego angeweza kusema ndiyo, vipimo ninavyo, kaa unywe chai. Lakini alishtuka, na mtu akishtuka hufanya kile alichozoea. Barazani kulikuwa na wateja wanne wakimtazama, na yeye alikuwa fundi anayejulikana kwa jambo moja.

"Vipimo vya mwaka juzi?" alisema kwa sauti kubwa, akijaribu ule utani wao wa zamani. "Mwaka juzi mimi nilikuwa kijana! Lima, Msukuma, lima tukuone!"

Mabula aliwatazama wale wateja. Akainama. Akanyanyua mikono, ikafika usawa wa masikio, ikakwama hapo, akaporomoka akakaa chini kwenye sakafu. Hakuna aliyecheka. Upande wa pili Gaspar alimnong'oneza mteja wake, "Huyo kakanyaga waya," na mnong'ono wa Gaspar ulikuwa wa kusikika hadi stesheni. Wakati ule kila mtu alijua kuwa maana ya maneno hayo ni ukimwi. Abednego aliyasikia, na aliona kwamba Mabula pia ameyasikia.

Alimshika kwapani, akamwingiza ndani nyuma ya pazia, akamkalisha juu ya gunia la vitambaa. Alimpima akiwa amekaa, polepole. Futi ilizunguka kifua ikabaki mkia mrefu, na Mabula aliutazama ule mkia.

"Sasa utanishonea la mtoto."

"Nitakushonea la kwako," Abednego alisema. "Pana kama lile. Halafu nitalibana kwa ndani tu, nguo inabaki mlemle kwenye mshono. Ukipona unakuja, nafumua, unarudi kwenye shati lako."

"Hutakata?"

"Sikati."

"Mvua zikianza nataka niwe shambani Majimoto. Usikate, fundi."

"Nimekwambia sikati, Mabula."

Akashona. Alipunguza bega hadi mfupani kwa kulikunja kwa ndani, akaweka mifuko miwili yenye vifuniko ili kifua kijae, akalifupisha kidogo kwa kukunja pindo mara tatu, maana shati refu kwa mtu aliyekonda linamtangaza. Chini ya makwapa hadi kwenye pindo, kila upande, aliacha kaki ya upana wa kiganja imekunjwa ndani. Siku Mabula alipolivaa alisimama wima. Alitoka barazani akapita mbele ya Gaspar taratibu, mikono mfukoni, na Gaspar mwenyewe alikiri kuwa jamaa ametakata. Abednego alifurahi kwa namna ambayo hakuwa amefurahi siku nyingi. Aliamini. Alimwona kabisa Mabula anarudi amenenepa, anapanda barazani kwa kishindo, anasema fumua.

Mabula alibaki kwa kaka yake Kawajense ili awe karibu na hospitali. Mwezi wa kumi aliyekuja na shati alikuwa mke wake, Nyanzala, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi.

"Shemeji, anasema ubane kidogo."

"Anaendeleaje?"

"Anasema ubane. Na usikate."

Abednego akapiga mshono wa pili ndani ya ule wa kwanza. Mwezi wa kumi na mbili Nyanzala alikuja tena, amejifunika khanga kwa sababu ya manyunyu, na Abednego akapiga mshono wa tatu. Mpunga ulikuwa unapandwa Majimoto. Hakuuliza habari za mgonjwa. Alikuwa na shati mikononi, na shati lilimweleza zaidi ya vile alivyotaka kujua. Kwa nje kaki ilikuwa imepauka kwa kufuliwa na kuanikwa kila siku, lakini ndani ya mikunjo ilikuwa bado ya kijani kibichi kama siku ilipotoka dukani.

Januari alikuja mara ya tatu. Safari hii alilitandaza shati juu ya meza ya kukatia, akaligeuza ndani nje.

"Linamchuna," alisema.

Mikunjo ilikuwa minene kama kamba ya kufungia ng'ombe. Chini ya kwapa, pande zote mbili, kulikuwa na madoa ya kahawia.

"Analala nalo. Hataki kulivua. Mifupa imebaki mitupu, na huu mshono wako unamkata. Kata hii nguo, shemeji."

"Yeye amesema nikate?"

"Nasema mimi. Mimi ndiye ninayemfuta vidonda."

"Anajua umelileta?"

"Nimemwambia nakwenda kulifua."

Abednego alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Alitaka kusema kuwa aliahidi, lakini mbele ya mwanamke yule na yale madoa, ahadi ilikuwa kitu cha watu wenye afya. Na kusema kweli, alikuwa akimwamini Nyanzala kuliko alivyokuwa akijiamini mwenyewe. Akachukua mkasi. Kaki ngumu ikikatwa hulia, na ile ililia kutoka kwapa hadi pindoni, upande mmoja, halafu wa pili. Akafunika mshono kwa kipande laini cha popolini ili usimguse mgonjwa vibaya. Nyanzala alipitisha kidole juu yake, akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Vile vipande viwili virefu Abednego hakuvitupa. Alivikunja akavitia kwenye kopo la maziwa alilowekea vifungo. Alijiambia kuwa nguo iliyokatwa inaweza kuungwa, kwamba siku Mabula akipona ataviunga na hakuna atakayeona. Hakwenda Kawajense kumtazama. Alisema kuna sare za shule, na kweli Januari sare zilikuwa nyingi, ila hazikuwa nyingi kiasi hicho.

Wiki mbili baadaye aliambiwa msiba uko kwa Luhende. Alikwenda, akabeba jeneza alipopewa zamu, akatupa udongo wake. Jeneza lilikuwa jepesi mno. Nyanzala alikuwa amekaa na akina mama, na Abednego alizunguka nyumba nzima ili asipite mbele yake.

Walipomaliza matanga na kugawa nguo za marehemu, Nyanzala alikuja barazani pamoja na Luhende. Luhende alikuwa kaka mkubwa, na kwa kifua alikuwa Mabula mtupu, yule wa zamani. Abednego alipomwona anapanda ngazi kwa kishindo, moyo ulimruka bure.

"Kaka yake amepewa hili," Nyanzala alisema, akaliweka shati mezani. "Anakwenda Majimoto kuuangalia ule mpunga. Halimwingii."

Abednego hakuligusa. "Alisemaje?" aliuliza.

Nyanzala alijua anaulizwa nini. Alikaa kwenye benchi kwanza.

"Nilipomvalisha alifurahi. Akasema leo limekuwa laini. Halafu akapeleka mkono hapa, chini ya kwapa. Akapapasa. Akapeleka na upande wa pili, akapapasa vilevile. Akasema, 'Fundi kakata.' Nikamwambia hapana, ni kufuliwa tu. Akasema, 'Haya.' Kila siku alikuwa ananiuliza mvua za Majimoto. Tangu hapo hakuziuliza tena."

Luhende alitazama chini. Abednego aliegemea cherehani, akalia mbele ya soko zima, na Gaspar aliyekuwa amefungua mdomo aseme neno akaufunga. Nyanzala hakumkataza kulia wala hakumbembeleza.

"Ni mimi niliyekwambia ukate," alisema mwishowe.

"Mimi ndiye niliyemwambia sikati."

Akachukua kopo, akamwaga vifungo, akavitoa vile vipande viwili. Alipovilaza pembeni ya shati kila mtu aliona. Shati lilikuwa limepauka kama majani makavu, na vipande vilikuwa kijani kibichi, havikuwahi kuliona jua.

"Vitaonekana," Abednego alisema.

"Acha vionekane," alijibu Nyanzala.

Alifumua mabega, akaunga vile vipande. Kazi ilimchukua hadi adhuhuri. Kisha ilibidi ampime Luhende, na Luhende, ambaye habari za fundi huyu alizisikia kwa mdogo wake miaka yote, aliinama mwenyewe bila kuambiwa. Akanyanyua jembe lisilokuwepo juu kabisa ya kichwa, akalishusha. Bega lilikaa juu ya mfupa. Mgongo haukufunuka. Kwenye mbavu, kila upande, ukanda wa kijani ulishuka kutoka kwapa hadi pindoni.

"Linanikaa, fundi," Luhende alisema.

"Nimeona."

Wakaondoka. Abednego aliwafuata kwa macho katikati ya watu wa sokoni, na Luhende alipogeuka kumpisha mtu wa baiskeli zile kanda mbili zilionekana waziwazi. Alikuwa bado amesimama hapo wakati kijana mmoja wa tumbaku alipopanda barazani, akaweka kitambaa mezani, akaanza kuinama huku akicheka, kwa kuwa utaratibu wa hapo aliujua.

"Hapana," Abednego alimwambia, akachukua futi. "Simama tu, ndugu yangu. Simama hivyohivyo."