Kipa Aliyedaka Kalsiamu

Siku yangu ya kwanza kazini niliteuliwa kuwa mwalimu wa michezo kwa sababu ya viatu. Nilikuwa na jozi moja ya viatu vya ngozi, na soli ya mguu wa kushoto ilibaki kwenye matope meusi kati ya barabara ya Homa Bay na lango la shule. Mfukoni nilikuwa na raba nyeupe ambazo mama alinipa niwe nikivaa nikienda kuoga. Nikazivaa. Kisha nikasimama nje ya ofisi nikijiuliza lipi ni afadhali, mwalimu mwenye raba au mwalimu mwenye soli moja, na kabla sijaamua, mlango ukafunguliwa.

Ilikuwa mapema miaka ya tisini, katika shule ya bweni ya wavulana isiyo mbali na Rangwe. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya Kiswahili na Historia, pamoja na tabia ya kufikiria jambo mpaka linachacha. Mwalimu Mkuu alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya mhubiri. Hakuangalia shahada. Aliangalia miguu yangu.

"Wewe ni mtu wa mpira," akasema.

Sikuwa nimepiga mpira tangu shule ya msingi, na hata huko niliupiga kwa bahati mbaya. Lakini niliwaza hivi: nikikataa ataandika kwamba mimi ni mkaidi, mkaidi hathibitishwi kazini, asiyethibitishwa hurudi nyumbani Taveta, na nikifika Taveta, mama ataniuliza kwa nini raba zake zina matope.

"Kidogo tu, bwana," nikajibu.

Hivyo ndivyo nilivyopata kuwa gemu masta. Ninyi vijana mnaoanza ualimu leo huenda hamjui cheo hicho kilikuwa nini. Gemu masta alikuwa na ufunguo wa stoo, filimbi, pampu, na mipira miwili ambayo mmoja wake ulikuwa umepasuka. Kipindi chake kiliitwa gemzi, ule muda kati ya somo la mwisho na kuoga. Baada ya kuoga na kula ilikuja prepu, yaani masomo ya kujisomea darasani chini ya mwalimu wa zamu. Vita vyote vya shule zetu vilikuwa kati ya gemzi na prepu. Kijana aliyekimbia sana gemzi alisinzia prepu, na kwa aliyesinzia prepu lawama zilimwendea gemu masta.

Mwalimu Mkuu alikuwa na nadharia yake. "Kichwa na miguu vinakula sahani moja," aliniambia. "Wewe unalisha miguu."

Muhula wangu wa pili akatoa amri: asiyepata nusu ya alama katika kila somo haruhusiwi kugusa mpira. Nilikaa na matokeo nikachagua timu. Waliofuzu walitosha kumi na mmoja kwa shida, na mmoja wao hakuona mbali bila miwani. Kipa wetu hodari, Odhiambo wa Kidato cha Pili, kijana mrefu mwenye viganja kama sinia, alianguka kemia. Masomo mengine alipita kwa kuchechemea, lakini kemia ilimlaza chali. Nafasi yake nikampa Ouma, aliyekuwa nambari moja darasani humo humo.

Tulicheza na shule jirani nyumbani kwetu. Ouma alisimama golini akiwa amefunga mikono nyuma kama anakagua gwaride. Bao la kwanza likaingia, la pili likaingia, na kila mara aliutazama mpira ukipita kwa makini sana. Tukafungwa nane bila.

"Ouma, kwani huoni mpira?" nikamuuliza.

"Naona, mwalimu. Kila mara nilijua unaelekea wapi. Tatizo ni kwamba na mimi nilitakiwa kuelekea huko."

Jumamosi nilienda sokoni Rangwe kununua samaki. Mama muuzaji aliziona raba zangu zikitokea mbali akaanza kuhesabu mbuta kwenye karai. "Japuonj," akaniita, yaani mwalimu kwa Kiluo, "leo nikupe ngapi? Nane?" Wenzake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Niliondoka bila samaki, nikala sukuma wiki wiki nzima nikiwaza kama watu wa Homa Bay nao wameshasikia.

Jumatatu nikaenda ofisini kuomba nipumzishwe cheo. Mwalimu Mkuu alinisikiliza, akafurahi kuliko nilivyotarajia.

"Vizuri sana. Basi nitaulima ule uwanja."

"Kuulima, bwana?"

"Tupande mahindi. Nishaongea na mwenye ng'ombe wa plau. Mahindi hayafeli mtihani. Na hayafungwi nane."

Uwanja ule ulikuwa mahali pekee shuleni ambapo nilikuwa nimewasikia wale wavulana wakicheka. Sijui maneno yalitoka wapi, maana kwa kawaida mimi husema jambo baada ya kulilaza siku mbili. "Bwana, tuna mechi Homa Bay muhula ujao. Odhiambo akipita kemia mtihani wa mwisho wa muhula huu, uuache uwanja."

Mwalimu Mkuu alicheka, kiti kikalia. "Odhiambo? Huyo aliandika kwamba chumvi ni aina ya samaki! Sikia. Akipata nusu, mimi mwenyewe nitachora mistari ya huo uwanja kwa mikono hii. Asipopata, ng'ombe wanaingia siku shule inafungwa."

Kufikia chakula cha mchana shule nzima ilikuwa inajua. Nilimwita Odhiambo, na kabla sijafungua kinywa akaniambia, "Mwalimu, si ungeweka dau kwa mtu mwingine?"

Aliyejitolea kumfundisha alikuwa Ouma. Hakuficha sababu: hakutaka kurudishwa golini maisha yake yote. Siku ya kwanza walikaa chini darasani na kitabu, na Odhiambo akalala. Siku ya pili alilala tena. Siku ya tatu Ouma alikasirika akamrushia ganda la chungwa akisema, "Sodiamu!" Odhiambo, macho yamefumba nusu, akadaka lile ganda akajibu, "Moja!"

Wakatazamana.

Lazima nieleze hapa, kwa maana mimi mwenyewe nilielezwa mara kadhaa. Kila elementi katika kemia ina namba yake ya kushikana na nyingine, inaitwa valensi. Sodiamu ni moja, kalsiamu ni mbili, alumini ni tatu. Asiyezijua hawezi kuandika fomula hata ya chumvi, na bila fomula hakuna kemia. Odhiambo alikuwa akizisikia tangu mwaka uanze. Kilichokuwa kinakosekana ni kitu cha kudaka.

Amri ilimkataza Odhiambo mipira ya shule, hivyo tukafunga mpira wa matambara, na kuanzia siku hiyo mazoezi yalibadilika. Kila mpigaji alitaja elementi kabla ya kupiga, na Odhiambo alitakiwa kudaka na kujibu kwa pamoja. Akidaka mpira akakosea jibu, bao linahesabiwa. Ubishi ulikuwa mkubwa.

"Oksijeni!"

"Mbili!"

"Omera, ndugu yangu, umedaka nje ya mstari!"

"Mstari uko wapi? Mwalimu Mkuu hajachora!"

Wapigaji nao ilibidi wajue majibu, la sivyo Odhiambo angewadanganya. Vijana waliokuwa hawajafungua kitabu cha kemia tangu waingie shuleni walianza kukivizia maktaba. Jikoni, mpishi mkuu, Mama Adero, alishikilia mwiko juu ya sufuria ya maharagwe mpaka Odhiambo aseme alichofundishwa siku hiyo. Langoni alikuwapo soja wetu, Mzee Owuor, ambaye wavulana walikuwa wamempa swali moja na jibu lake moja. Kila Odhiambo akipita, Mzee Owuor aliweka rungu mbele yake.

"Simama! Alumini?"

"Tatu, mzee."

"Pita."

Siku moja alinizuia hata mimi. Nikaanza kufikiri kama ananitania au ananidharau, na kama mwalimu wa Historia ana wajibu wa kujibu. Nilifikiri mpaka foleni ikaundwa nyuma yangu. "Japuonj," akasema kwa huruma, "ni tatu. Pita."

Mtihani ukafika. Mwalimu wa kemia alikuwa Madam Kerubo, mama aliyejulikana kwa kusikia karatasi ikigeuzwa vyumba viwili mbali. Yeye alisimamia mbele, mimi nikawekwa nyuma. Kwa dakika za mwanzo Odhiambo hakuandika neno. Alikaa ameganda, kalamu mkononi, na mimi nikawaona ng'ombe wa plau wakiingia uwanjani, wa kwanza mweupe, wa pili mwekundu.

Kisha akaanza kuyumba. Alienda kushoto kidogo, akarudi, akaenda kulia. Mikono ikanyanyuka. Ghafla akajitupa upande, akashika hewa kwa viganja vyote viwili, akaivuta kifuani, akaandika. Akashika nyingine ya juu, akaandika.

Madam Kerubo alifika pale kabla yangu. "Unampa nani ishara?" Akaikamata karatasi. "Mwalimu, huyu anatoa ishara. Mtihani wake umekwisha."

Odhiambo alinitazama. Darasa zima lilinitazama. Nilikuwa na maelezo marefu ya kutosha kujaza ubao, yenye utangulizi na sababu za karibu na za mbali kama tunavyofundisha katika Historia, lakini kilichotoka ni neno moja.

"Anadaka."

"Anadaka nini?"

"Kalsiamu, madam."

Madam Kerubo aliangalia karatasi, akaangalia viganja vya Odhiambo, akaangalia raba zangu, ambazo kufikia wakati huo nilishazoea kuzivaa kila siku. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Ameidaka?"

"Angalia jibu lake."

Akaangalia. Alibeba dawati mwenyewe, akaliweka varandani likitazama ukuta mahali ambapo hakuna wa kupewa ishara, akamrudishia Odhiambo karatasi, na akasimama pembeni yake mpaka kengele. Waliokuwa madirishani wanasema Odhiambo alijitupa mara mbili akaangusha kiti, na kwamba madam ndiye aliyekiinua.

Odhiambo alipata nusu kamili. Mwalimu Mkuu alipeleka karatasi kwa mwalimu wa kemia wa shule nyingine isahihishwe upya, ikarudi na alama moja zaidi.

Asubuhi iliyofuata, shule nzima ilipanga mstari kumtazama mkuu wetu akiwa amekunja suruali, ndoo ya oili chafu ya lori mkononi. Tulitumia oili hiyo kwa sababu huua nyasi na mstari hudumu. Alikataa kamba ya kunyooshea. "Mimi nimesoma jiometri," akasema. Akaanza vizuri, lakini karibu na goli la upande wa jikoni Mama Adero akapiga kigelegele, naye akageuka kupunga mkono bila kusimama. Boksi la upande ule likatoka na nundu.

Homa Bay tulienda na lori la shule, Odhiambo golini. Mazoea hayaachwi kirahisi: kila mshambuliaji alipokaribia, Odhiambo alinguruma, "Magnesiamu! Mbili!" Wenyeji wetu wakaanza kupiga nje kutoka mbali. Kocha wao akamfuata refa akidai kipa wetu anataja maneno ya dawa. Refa akamwita Odhiambo.

"Unasema nini wewe?"

"Kemia, refa."

Refa alifikiri karibu kama mimi. Mwisho akasema hajui sheria ya mpira inayokataza kemia, na mchezo ukaendelea. Tulishinda moja bila. Bao lilifungwa na Ouma, kwa goti, akijaribu kuukwepa mpira.

Mngependa niishie hapo, lakini mwalimu mwaminifu husoma matokeo yote. Odhiambo alipanda mpaka katikati ya darasa akakaa hapo. Ouma, baada ya lile goti, alinogewa na mpira vibaya. Nambari moja ikamtoka na hakuipata tena mpaka Kidato cha Nne. Mwalimu Mkuu akaniita. "Sasa niambie wewe mwenye shahada. Mpira unapandisha alama au unashusha?" Nilimwomba muda wa kufikiri. Nilikuwa bado nafikiri barua ya uhamisho iliponipata.

Nikaenda Kehancha, ambako mwalimu mkuu mpya aliniuliza swali lile lile kuhusu kwaya. Huko vijana wa besi waliimba tarehe za Historia wakiwa malishoni, na ng'ombe wao, nadhani, walijua tarehe hizo vizuri. Kisha nikarudi Homa Bay mjini, ambako swali lilihusu klabu ya maigizo. Mwigizaji wetu bora alifeli hisabati mwaka mzima kwa sababu alikuwa akiigiza mtu anayeelewa, na tukamwamini. Nimestaafu bila jibu la jumla. Ninachoweza kuwaambia vijana mnaoshika chaki ni kidogo: kabla hamjamnyang'anya mtoto mpira, angalieni kwanza ameshika nini kingine kwa mikono hiyo hiyo. Na msipange timu kwa alama. Nane ni nyingi.

Baada ya kustaafu nilipita Rangwe kuiona shule. Uwanja upo. Vijana walikuwa wakichora mistari kwa ajili ya mechi, wakifuata alama ya zamani kama kila mwaka, na boksi la upande wa jikoni bado lina nundu. Nilimuuliza kipa wao kwa nini liko hivyo.

"Ndivyo lilivyo, mzee," akanijibu, akarudi golini.

Nikielekea nje, nilisimama kidogo langoni. Mzee Owuor hayupo tena. Soja ni kijana mwenye redio mfukoni. Aliona nimesimama tu, siendi mbele wala nyuma.

"Mzee, kuna shida? Umepotea?"

"Tatu," nikamwambia, nikapita.