Kahawa Niliyoisifu Hotelini

Kosa hili ni langu, na nimechoka kulitafutia visingizio. Nimelima kahawa Old Moshi tangu ujana, lakini mimi ni mtu wa chai ya maziwa, kahawa siinywi. Kikundi chetu cha wakulima kilipoanza kukaanga kahawa yake, nilichaguliwa kwenda kuinadi kwenye hoteli moja mjini, kwa kuwa misibani huwa nasema vizuri. Wakiikubali, tungepata soko la mwaka mzima.

Mjukuu wangu Neema alinikaririsha sifa za ladha ya kahawa yetu siku tatu.

"Babu, ionje basi uijue."

"Niionje ya nini? Nimeipanda mwenyewe."

Tulipofika hotelini tukakaribishwa kahawa. Nikanywa, nikafumba macho, nikasimama.

"Mama meneja, humu kuna asali, kuna chungwa! Ladha hii haipatikani ila kwenye udongo wetu wa mlimani."

Neema akanivuta koti. Nikadhani ananitia moyo, nikazidisha sifa.

Meneja alisubiri nimalize.

"Asante, mzee wangu. Ila hiyo ni kahawa yetu ya kopo. Ya kwenu bado hatujaionja."

Pakiti yetu nilikuwa nimeibana kwapani, haijafunguliwa.